Swali Alilojibu Baba

Dada mpendwa,

Pole na kazi za huko. Cherehani ya mama imepona, na kitindamimba wetu ameng'oka jino la mbele, lakini mdomo haujapumzika. Nikisimama kuhema kwenye ngazi ananiambia, "Ajuza, nikuletee mkongojo?"

Kweli nachoka sana. Jana baba alinipeleka zahanati. Nesi alinivuta kope la chini, akaona ndani ni peupe, akapima, akasema damu imepungua. Akaniuliza kama hedhi yangu ni nzito.

"Huyu bado mtoto," baba akajibu. "Ni uvivu wa kula tu."

Niliinamisha kichwa, nikapokea vidonge vya kuongeza damu. Lakini Dada, wewe ulikuwa ukiniona ninavyolala juu ya taulo, na sasa hedhi imezidi. Vidonge peke yake ni kuteka maji kwa pakacha.

Leo nimemwomba baba turudi. Nikamwambia, "Kuna swali la nesi nataka kulijibu mwenyewe."

"Basi mimi nitakaa kwenye benchi la nje," akasema.

Tunaondoka kesho asubuhi.

Mdogo wako akupendaye