Keza wa kwenye barua

Gitega, Jumanne jioni

Keza ametoka kujifunika shuka nyeupe mpaka kichwani, akanyoosha miguu, akatulia kabisa. Nimemfunua haraka. Akacheka: "Mama, nimekufa!"

Nani kamfundisha? Asubuhi kule ofisini, mtaa wa Muhima, alikuwa anakula mandazi tu, hasikilizi.

Yule bwana anayesaidia watu kuomba nafasi za kusomea udaktari alitusomea barua aliyomtungia mdogo wangu Aline. Eti Aline anataka kuwa daktari kwa sababu mtoto wa dada yake alimfia mikononi, wakamfunika shuka nyeupe. Na jina kaliweka: Keza.

"Lakini bwana, Keza si huyu hapa magotini?"

Akacheka. "Mama Keza, hii iko stori tu! Bila kifo hawakusomi. Lipa leo, kesho naituma."

Njiani Aline akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, kama akibadilisha jina?"

Jina gani sasa? Kila jina lina mama yake. Lakini naogopa pia. Akikosa nafasi, atasema ni mimi nilimzuia.

Hapana, silipi. Aline ataandika mwenyewe, aeleze alivyonishika mkono siku namzaa Keza, akamuuliza muuguzi maswali mpaka akafukuzwa. Hiyo ni kweli, na naamini watamsoma.

Keza kalala chumbani. Ile shuka nimeifungia sandukuni, nisiione tena leo.

Aline ananiita kutoka chumbani: "Dada, mbona umemfunika Keza uso?"

Mimi sijamfunika. Na sanduku bado limefungwa, liko hapa mbele yangu.