Nimemwita Mzee Mwaka Mzima

Jumanne jioni, Wheaton, Marekani

Si kwamba sikuambiwa. Tangu nianze kazi ya kumtunza Mzee, binti yake Carol ananikumbusha: "Baba mwite Harold, jina lake lisimpotee." Naitikia, kisha naendelea kumwita Mzee. Kwetu Nyeri mtu wa rika la babu yangu siwezi kumtaja jina kama mtoto mwenzangu, hata kama kazi yangu ni kumwogesha.

Leo daktari alikuja nyumbani. Akamwonyesha Mzee ile picha yake ya sebuleni, ya kijana mwenye helmeti kwapani na mabega mapana kama kabati. Miaka ya hamsini Mzee alicheza ule mpira wao wa kuangushana, misimu saba, na msimu ukiisha anarudi kuuza matairi. Carol anasema kugongwa kichwa kule ndiko kunakommalizia kumbukumbu sasa.

"Huyu ni nani?" daktari akamuuliza.

"Nambari sitini na nne!" Hapo alijibu upesi, nambari ya jezi yake, hata nikafurahi.

"Na jina lake?"

Akanitazama mimi, kama mtu anayeomba kusaidiwa. "Mzee," akasema.

Carol hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alienda jikoni akafungua maji, akayaacha yamwagike tu.

Jioni nikimvalisha soksi nilijilazimisha. "Harold," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Akageuka polepole, akaangalia mlangoni aone ni nani anayeitwa.