Nanga ya Jana Jioni

Baba Nusra,

Ndizi na maharage ziko jikoni, zifunike kuku wasizifikie. Nusra akitoka shule asiguse jiko la gesi. Mimi nimekwenda Mabira kwa baba yako.

~~Nimekasirika.~~ Sijui kama nimekasirika. Asubuhi hii Mwaja wa mandazi kaja kunipa hongera: baba mkwe wangu jana kapiga nanga kwenye televisheni, na wewe ukalia mbele ya hoteli nzima.

Ni kweli uliniambia wiki hii televisheni ya taifa ina sanaa na mijadala, na jana nisiikose nanga. Mume wangu, mimi nimezaliwa Tanga! Kwetu nanga ni chuma cha kuzuia meli. Ndiyo maana nikasema, "Sisi wa Omurushaka na meli wapi na wapi?" nikahamia kituo kingine, kwenye mjadala wa kahawa. Kumbe ni kile chombo cha nyuzi anachokilaza baba mapajani! Ungesema enanga, kama mnavyosema kwenu, ningeelewa.

Na ulikuwa umekaa ubavuni kwangu. Badala ya kusema "ni baba huyo", ukavaa kofia ukatoka. Nikadhani unakwenda msikitini, kumbe unamfuata baba kwenye televisheni ya hotelini. Sasa nikuombe radhi, au wewe uniombe mimi? Sielewi.

Jumapili wanarudia. Namleta baba aje ajione, kwake hakuna umeme. Rimoti nimeondoka nayo.

Ukitaka kulia tena, safari hii lilia hapa, karibu yangu.

Mkeo, Mama Nusra