Mstari wa Kalamu Mkononi mwa Baba

Baba, shikamoo. Chai iko kwenye chupa. Ukinawa, usifute huo mstari wa kalamu mkononi mwako. Ni mimi niliuchora jana jioni, uliposinzia mbele ya televisheni.

Usinune kwanza. Nilitaka tu kujua kwa nini kidonda chako cha patasi kinang'aa. Kumbe umekiziba kwa gundi ya mbao na vumbi la msumeno, kama ufa wa kabati! Fundi mzima! Umefungia uchafu ndani. Nikagusa pembeni: pa moto, pamevimba, pekundu. Ndipo nikauzungushia huo wekundu mstari, nione kama utatulia ndani au utatambaa.

Gundi usiibandue kwa kucha. Wala usiongeze nyingine, nakujua. Kopo nimelificha.

~~Nikirudi kutoka kazini jioni tutaangalia pamoja.~~

Hapana, hiyo nimeifuta. Nimefungua pazia sasa hivi nikatazama tena, wewe bado unakoroma. Wekundu umevuka mstari, unapanda kuelekea kwenye kiwiko. Nenda zahanati ukiamka tu, kabla ya kupita karakana. Waambie ukweli kuhusu gundi. Kama unasikia baridi au homa, sema pia. Jirani wa pikipiki nimeshamwomba akupeleke, atagonga mlango.

Najua utasema ni mkwaruzo tu. Sawa. Lakini vijana wako wa karakana wakikata nje ya mstari, sijawahi kukusikia ukiwaambia wasubiri hadi jioni.

Kitinda mimba wako