Daftari Lako Lilibaki Tangini

Da Hawa, dada yangu,

Assalaamu alaykum, na shikamoo juu yake, maana wewe salamu moja kutoka kwa mdogo wako hukuwahi kuiona inatosha. Hali yako huko? Mguu umepoa? Najua ni swali la kijinga, aliyefika huko hasumbuliwi tena na mguu, lakini mkono umeandika kabla sijauzuia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakusalimu. Ndiye aliyenituma nikuandikie. Kasema, "Kabla hujawaambia wao, mwambie kwanza mwenye haki yake." Yeye yuko ukumbini na tasbihi, mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda, karatasi nimeiweka juu ya sinia.

Nimekawia. Tangu tukuzike, mahindi yamepandwa na kuvunwa. Nimekuja kaburini kwako Maneromango mara tatu, nikasoma Yasini, nikang'oa majani, nikaondoka bila kukwambia lililonipeleka. Naona haya, dada. Naona haya hata mbele ya udongo.

Nianze na daftari. Lile lako la zahanati ya kijijini, ulilolivalisha gazeti. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, mganga aliandika ASICHOMWE PENISILINI, mwaka ule ulipovimba uso hadi macho yakafunga. Jina la dawa hukulijua. Wewe ulikuwa ukisema "ile sindano ya kunivimbisha," basi. Hukuwa na haja ya kulijua, daftari lilijua. Kila uendako kutibiwa ulilibana kwapani, nami nikikutania kwamba Maneromango nzima mwanafunzi asiyemaliza shule ni wewe.

Kisha ukakanyaga kisiki shambani. Mguu ukavimba hadi gotini, homa ikapanda. Zahanati wakakwambia dawa zimekwisha, nenda Kisarawe mjini, na barabara yenyewe unaijua ikinyesha. Ukanipigia simu. Nikakwambia, "Usihangaike na huko. Njoo Kibaha, mimi nina kadi."

Nilisema kwa kujidai, Mungu anisamehe. Mimi mfagiaji wa shule, lakini ni mwajiriwa, nina kadi ya bima yenye picha yangu. Bima inamtambua mume, watoto na wazazi. Dada hayumo. Nikajiambia, sura zetu si moja? Pale shuleni hata hatuiti wizi. Tunaita kuazimana kadi, kama unavyomwazima jirani kinu akimaliza akurudishie. Neno lenyewe lina upole, ndiyo maana sikuliogopa.

Asubuhi ile ya kwenda hospitali, hapa kwangu Tangini, nililitoa daftari kwenye mkoba wako. Nikasema, "Hili lina jina lako, wakiliona tumekwisha." Nikaliweka juu ya kabati. Ukalitazama, ukanitazama, ukasema, "Haya, wewe ndiye mwenyeji."

Njiani ulikuwa unachechemea na bado unatania. "Leo mimi mtumishi wa serikali, Zai. Nibebee mkoba." Pale kwenye benchi wakaita Zaituni Mfaume mara ya kwanza, mara ya pili, wewe umetulia kama haikuhusu, hadi nikakufinya. Ukaninong'oneza, "Mtu ulininyang'anya ziwa la mama, leo unanipa na jina?" Tukacheka tumeziba midomo kwa ushungi. Kicheko chako cha mwisho nilichonacho ni hicho.

Yule nesi mwenye mwanya aliyetupokea, unamkumbuka. Alikuvutia kiti uweke mguu. Da Hawa, yeye aliuliza. Nataka niliandike hili sawasawa, kwa sababu barua yote ni kwa ajili yake. Aliuliza. "Mama, kuna dawa yoyote inayokudhuru?" Ukafungua mdomo, ukasema, "Ipo moja ile ya..." na mimi nikaanza kukohoa. Yeye akawa anatazama kwenye kompyuta. Akasema, "Naona mwaka juzi ulichomwa sindano hii hii uliyoandikiwa leo, hapa hapa. Ilikusumbua?"

Ukanigeukia. Ulisema neno moja tu, polepole. "Daftari."

Nikakukanyaga kidole cha mguu mzima, chini ya kiti, nikajibu kwa niaba yako. "Haikumsumbua."

Ilikuwa kweli, dada. Zaituni Mfaume alichomwa sindano ile mwaka juzi, akarudi nyumbani, akasonga ugali. Nilisema kweli yangu juu ya mwili wako. Nilijua ipo sindano usiyoiweza. Kama ndiyo hiyo au siyo, sikujua, na ningeweza kumuuliza nesi inaitwaje. Lakini angetaka kujua kwa nini nauliza, na jina lingetoka. Nikapima aibu ya kukamatwa na uhai wako, nikaiona aibu nzito zaidi. Nimejaribu kuliandika hili kwa namna nyingine, sikuipata.

Yaliyofuata sitayaandika, ulikuwepo. Nitasema tu kwamba yule nesi alikimbia, akaita wenzake, akapiga magoti sakafuni pembeni yako, na hata walipokwisha kukufunika hakutaka kunyanyuka.

Wakaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Marehemu Zaituni. Nikajibu, "Dada yake. Naitwa Mwanahawa." Kwa hiyo na jina lako nalo nikalichukua, na wewe hujapoa. Kibali cha kuzikia kikatoka na jina langu, nikakifunga kwenye pindo la kanga, na nyumbani hakuna aliyekiomba. Sheikh aliponiuliza jina la maiti, hapo ndipo nilipolitaja lako. Uliswaliwa kwa jina lako, Alhamdulillahi.

Nikadhani limekwisha. Nikarudi kazini.

Mwenzangu mmoja wa shuleni ana wifi anayefanya kazi pale hospitali. Akatusimulia tukiwa tunapiga deki kwamba kuna nesi amesimamishwa, kuna mama alimfia mkononi, na inasemekana hakumuuliza mgonjwa kitu. Yeye anaapa aliuliza, ila hana shahidi. Da Hawa, waliomsikia akiuliza tulikuwa watatu, yeye, wewe na mimi. Nilisikiliza habari ile hadi mwisho, nikasema "masikini," nikaendelea kupiga deki. Nimeswali swala tano kila siku na jambo hili kifuani, nikimwomba Mungu amsaidie yule binti, kana kwamba msaada wenyewe haukuwa mimi.

Wiki iliyopita Mama alikwenda kuchukua dawa zake za presha. Unajua anazipata kwa kadi yangu. Akarudi mapema, akasimama mlangoni hajavua baibui. Mimi nachambua mchele. Akasema, "Zai, wale watoto wa dirisha la dawa wamenipa pole ya msiba wako."

Nikaokota chuya, nikaitupa.

"Wanasema mwenye kadi amefariki, taarifa imewafikia mwezi huu, imefungwa. Nikawaambia, nyie watoto mmechanganya, aliyekufa ni Hawa. Zai nimemwacha nyumbani anachambua mchele. Wakatazamana." Akaketi. Kisha akauliza, "Hawa alikufa kwa jina gani?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea anilaani, ningepumua. Hakunilaani. Aliuliza daftari liko wapi. Nikalishusha juu ya kabati, lina vumbi la miezi yote hii. Unajua Mama hakusoma. Akapitisha kidole kwenye wino mwekundu, akauliza, "Ni hapa palipokataza?" Nikamwambia, ndiyo, ni hapo. Akalifunga, akalifuta kwa upindo wa kanga yake, mbele na nyuma, kama anavyofuta msahafu.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia nikienda kusema nitafukuzwa kazi, huenda na polisi wakahusika, na dawa zake atazipata wapi. Akanikata. "Mimi usinifanye kichaka, Zaituni." Hajawahi kuniita jina zima isipokuwa siku ya harusi yangu.

Basi, dada, kesho asubuhi nakwenda. Nachukua kadi, kitambulisho changu, kile kibali, na daftari lako. Maneno nimeyafanyia mazoezi nikifagia madarasa. Mimi ndiye Zaituni Mfaume, niko hai. Niliyemleta siku ile ni dada yangu Mwanahawa. Nesi wenu aliuliza, mara mbili, na aliyejibu ni mimi. Sauti ikinikatika nitawapa daftari wasome wenyewe. Nikitoka huko nitamtafuta yule binti nimwangukie. Sitegemei anisamehe, nami sitamlazimisha.

Nakuahidi hivyo, na ahadi hii si kama ile ya Soga. Ulisema mguu ukipona nikupeleke stesheni pale Soga ukaitazame treni ya umeme, uwasimulie wenzio Maneromango. Nilikujibu, "Wiki ijayo," nikiwa nimeshika kitasa cha mlango, tunatoka kwenda hospitali.

Sikuombi radhi kwa karatasi. Nitaiomba kaburini, nikishatoka kusema, nikiwa na uso wa kuinua. Kwa leo nakuaga, dada yangu. Mwenyezi Mungu akulaze pema na akupokee kwa jina alilokupa Baba.

Ukipata nafasi, nijibu mapema, hata kwa ndoto fupi. Ukija niite Zai, nijue kama bado mimi ni mdogo wako.

Zaituni