Cheti Kutoka Wilaya ya Mueang

Kaka yangu Elia,

Mama amekubali. Naanza na hilo, maana wewe subira hukujaliwa.

Ulipofariki ilibidi nimwambie kwamba ulishaoa huko Thailand, bila posa wala mahari, na kwamba mimi nilijua. Kwa nini uliniachia mzigo ule? Nilikukasirikia mpaka nikashindwa kulia. Mama alikaa jikoni kwangu hapa Pickering, jirani na Toronto, akasema, "Sina mkwe nisiyemjua. Nionyesheni cheti." Misa ya kumbukumbu yako ilikuwa inakaribia, na alikataa katakata Noi atajwe kama mjane wako.

Noi alikuwa amekipoteza mlipohama nyumba. Basi mimi, kwa malezi yetu ya kupeleka jambo zito kwa mkubwa, nikamwandikia mkuu wa mkoa wenu wa huko Thailand, kurasa mbili za heshima. Wiki zikapita. Wakanijibu kwa upole kwamba ndoa huandikishwa wilayani.

Najua unacheka. Si ulinieleza kwenye simu kwamba kila mkoa huko una wilaya ya makao makuu, inaitwa Mueang, na kwamba yenu ndiko mlikofungia ndoa, mbele ya karani na mashahidi wawili? Nilikuwa nakusikiliza huku nakaanga vitunguu. Nisamehe. Wifi alikwenda ofisi ya wilaya asubuhi, na kabla ya saa sita alishatoka na nakala ya cheti pamoja na ya ukurasa wa daftari.

Nilimpa mtafsiri wa hapa Toronto. Jumapili tukitoka kanisani nikamsomea Mama. Jina lako. Jina la Noi. Halafu wazazi wa bwana harusi: jina la Baba, na jina la Mama, kamili, hata lile la ubatizo ambalo hakuna anayelitumia tena.

Mama akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaichukua karatasi mwenyewe, akaishika kwa mikono miwili.

"Kumbe alinitaja," akasema. Kisha akalia, Kaka, kile kilio tulichokuwa tunakisubiri tangu uondoke. Nami nikalia naye.

Noi anafika Alhamisi. Mama ameshamtafutia koti la baridi, na kila siku ananiuliza kama mkwe wake anakula ugali. Mimi nitajulia wapi?

Pumzika sasa, Kaka. Nakuahidi kanisani hatakaa nyuma na wageni. Atakaa kiti cha mbele, katikati yangu na Mama.

Mdogo wako,
Neema