Krimu Iliyobaki Juu

Chebet wangu,

Huku Kiplombe tuko sawa. Ng'ombe amezaa dume tena, kama kunikomoa, na nyanya yako bado ananigombeza.

Unauliza kwa nini nakuita Krimu. Ulizaliwa wakati ule wa vita vya uchaguzi, miezi haijatimia; hayo mengine tuyaache. Ulikuwa mdogo kama kifaranga, hujui kunyonya. Basi hospitalini maziwa ya mama yako yalitiwa unga wa kuongeza nguvu, mashine ikayasukuma polepole kutoka kwa sirinji hadi mpira wa puani. Lakini uzito ulikataa kupanda, mama yako akawa analia tu.

Mimi niliacha shule darasa la sita, ila kwa maziwa hakuna profesa wa kunifikia! Nilikuwa nachuuza maziwa mtaani West Indies kwa baiskeli, na sikuwa nakoroga mtungi: warembo niliwachotea juu penye krimu, wengine wakapata maji meupe. Nikaangalia sirinji yako. Mdomo chini, krimu yote imeelea juu! Nikamwita nesi.

"Sista, huyu mnampa ya chini."

"Na wewe mzee ulisomea wapi?"

"Kwa mtungi."

Akacheka, akaimulika sirinji. Kisha akaitikisa, akaigeuza mdomo juu ili krimu itangulie. Wiki hiyo uzito ukaanza kupanda.

Tangu hapo nakoroga mtungi kwa kila mteja, hata wenye sura mbaya. Nyanya yako anadhani niliokoka kanisani. Usimwambie ni wewe.

Kugo wako, babu aliye bado kijana